Tope la Nakijwa

Hapo zamani palikuwa na nchi ndogo mlimani, ndogo hata mtu akipiga chafya kwenye mpaka wa huku, wa mpaka wa kule humwambia, "Afya!" Mtawala wake aliitwa Mfumwa Mbonea, na uhai wa watu wake ulikuwa ndiva, bwawa la udongo lililokusanya maji ya chemchemi usiku kucha ili asubuhi yateremke mashambani kwa zamu.

Mzibaji wa ndiva alikuwa Nakijwa, binti yatima asiye na kitu ila jembe. Watu walimwita mjinga, kwa kuwa alifanya lile aliloambiwa, basi. Aliwahi kutumwa awaangalie mbuzi wa Mfumwa. Akawaangalia wakila maharage ya Mfumwa mpaka jani la mwisho.

Huko tambarare aliketi Sultani Harubu, aliyekwisha kumeza nchi tisa na bado akalalamika njaa. Mara tatu jeshi lake lilijaribu kupanda mlima, mara tatu likateleza. Basi akatoa amri: "Kila kishukacho kutoka mlimani ni mali yangu. Atakayekizuia, awaye yote, atakatwa kichwa." Papo hapo akawafunga watu kumi na wawili walioshuka sokoni, nao eti mali yake. Akaamuru pia ndiva isizibwe tena, maji yote yaende bustanini kwake chini ya mlima, na watu wa juu wakishikwa na njaa waje wenyewe kupiga magoti.

Wazee wakabishana hadi mate yakawakauka.

"Mfumwa wangu," akasema Nakijwa, "mbona twahangaika? Tumtii."

"Mwana wewe, rudi kwa mbuzi wako!" akadakia mzee mmoja, wakacheka.

"Babu, amesema kila kishukacho. Hakusema maji tu."

Mfumwa akaamuru baragumu la msaragambo lipigwe, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Wakaingia ndivani na majembe. Tope la miaka saba, ambalo desturi yao ni kulirundika kando liwe mbolea ya mashamba, safari hii wakalisukuma lishuke, pamoja na migomba iliyooza na vyura wake.

Ikawa siku ya tatu bustani haionekani, na vyura wanaimba barazani kwa Sultani.

"Zibeni! Chimbeni! Fanyeni lolote!"

Askari wakasimama wamefumbata mikono. Waziri akainama. "Bwana wetu, atakayezuia, kichwa chake..."

"Najua nilichoandika!"

Hapo Nakijwa akatokea, ameshuka kutoka mlimani, akainama kwa adabu. "Nashika miguu yako, bwana, ingawa siioni."

"Ewe mwanamke, zuia uchafu huu!"

"Nizuie mali yako? Shingo yangu naipenda. Na huu ni upande mmoja tu wa ndiva."

Basi Sultani akaitisha kalamu, akaandika kwa mkono wake kwamba kila kitokacho mlimani ni cha watu wa mlimani, kiwe maji, kiwe mtu. Wale kumi na wawili wakafunguliwa.

"Haya, tope ni lenu. Liondoeni!"

"Ni letu, kweli. Lakini sisi twajua kushusha tu, bwana. Mwenye jeshi linalotamani kupanda ni wewe."

Mawaziri wakajiziba vinywa kwa vilemba, wasionekane wakicheka.

Ndivyo jeshi la Sultani Harubu lilivyopanda mlima ule mara ya nne, na safari hii likafika: watu elfu mbili, mikuki wameiacha chini, vikapu vya tope vichwani. Nakijwa akawapokea kwenye mashamba ya maharage, akiwaonyesha kwa kidole pa kumwaga.

"Hapa. Na hapo. Wewe, jemadari, umeruka tuta. Rudi."