Somo la Nne

Kuna ugonjwa usio na homa wala kikohozi. Anayeuugua hula, hulala na hucheka na wenzake kama kawaida, kumbe ndani anaoza. Ugonjwa huo ni aibu iliyofichwa. Waliotutangulia walituonya kwamba mtu akikataa kuutaja kwa hiari yake, itafika siku utatajwa mbele ya umati, na siku hiyo haitakuwa ya sherehe. Dobri Marinov aliugua hivyo kwa miaka thelathini na minane. Hakujua kuogelea.

Kwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini Dobri alizaliwa Stara Topola, kijiji cha Wabulgaria kando ya mto Danubi, ambako watoto hupiga mbizi kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Isitoshe, baba yake alikuwa marehemu Marin, bingwa wa msalaba. Kila Januari, sikukuu ya Ubatizo, padri huutupa msalaba wa mti mtoni, na vijana hujirusha kwenye maji ya barafu kuugombania. Atakayeutwaa ana baraka mwaka mzima. Marin aliutwaa mara tisa, na picha yake ingali imetundikwa kilabuni, kifua wazi, msalaba mkononi.

Dobri alipokuwa na miaka sita, Marin alimtupa kutoka gatini ili mto wenyewe umfundishe. Mto haukumfundisha kitu. Alizama, akatolewa tumbo limejaa maji, na watoto wenzake wakampachika jina la Jiwe. Alipokua akaenda jeshini, na aliporudi akasema amefuzu kuogelea huko Bahari Nyeusi, ila sikio lake moja limetoboka, hivyo hawezi kupiga mbizi kutafuta msalaba. Watu waliamini. Mtoto wa Marin asijue kuogelea? Nani angefikiria hivyo!

Uongo huo ulimstiri hadi vuli ile ambapo Zornitsa, binti yake wa pekee, aliweka kijiko mezani na kusema, "Baba, mwaka huu naingia mtoni. Padri ameshakubali wasichana. Nautaka msalaba wa babu."

"Vizuri, Zori mwanangu," alisema Dobri.

"Na mlinzi wangu ni wewe."

"Mimi?"

"Sasa nani, paka?" alicheka Zornitsa, na mama yake, Gergana, akacheka pia.

Dobri alilisukuma bakuli lake pembeni. Tangu ndugu wawili wazame pale miaka ya nyuma, kijiji kilikuwa na sheria yake: kila anayeugombania msalaba awe na mlinzi wa damu yake, anayesimama ndani ya maji hadi kifuani, tayari kumfuata akielemewa. Mlinzi hahitaji kupiga mbizi. Anahitaji kuogelea tu, na kwa hilo sikio bovu halikuwa udhuru.

Alipiga moyo konde. Kila Jumanne alimwambia mkewe anakwenda mjini kukandwa mgongo, kumbe anakwenda kwenye bwawa la kuogelea, darasa la wanaoanza. Wenzake darasani walikuwa watoto kumi na wawili wa miaka sita na saba. Mwalimu Ilka, mama mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki, alimvisha kofia ya mpira na kumpanga mwisho wa mstari.

"Babu, kwani utotoni ulikuwa unafanya nini?" aliuliza Bozhko, mtoto mwenye mapengo mawili mbele.

"Nilikuwa na kazi nyingi," alijibu Dobri.

Somo la kwanza walipuliza mapovu. Dobri aliyameza maji badala ya kuyapuliza, na Bozhko akampigia kelele, "Puliza, babu! Usinywe, si supu!" Somo la pili walishika ukingo na kunyoosha miili. Alikaza shingo kiasi kwamba alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevishwa ubao. Somo la tatu walilala chali. Ilka aliweka kiganja chini ya kisogo chake, akamwambia alegee, kisha akakiondoa kiganja bila kusema. Maji yalimbeba. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya gati, maji yalimbeba! Dobri alilia ndani ya miwani yake ya kuogelea, na hakuna aliyejua.

"Leo umejua kuelea," Ilka alimwambia baadaye. "Usivimbe kichwa. Anayeelea hazami, basi, lakini haendi anakotaka. Kwenda ni somo la nne, Jumanne ijayo. Nyumbani wanajua unakuja?"

"Wanajua," alidanganya Dobri.

Jumanne ya nne alisimama ukingoni, ubao wa sponji kifuani, kofia ya mpira imembana mpaka masikio yamechomoza. Akatupa jicho dirishani. Pale kwenye ofisi ya kujiandikisha alisimama jirani yake, mzee Kiro, mtu wa milimani aliyeolea Stara Topola, kamshika mjukuu wake mkono. Lahaula! Dobri hakungoja aulizwe. Aliitupa miwani, akakimbilia chumba cha kuvalia, mguu niponye, akatokea mlango wa nyuma na nywele zinamchuruzika. Hakurudi tena. Alijifariji kwamba Zornitsa huogelea kama samaki, na kwamba kwa miaka ishirini hakuna mlinzi aliyelazimika kunyanyua hata mguu.

Jioni ya kuamkia sikukuu, Padri Atanas alikuwa kilabuni akiandika majina.

"Dobri, sikio lako haliwezi kukusumbua kesho? Kama una neno, liseme sasa. Kiro ni wa mashua ya uokozi, na si wa damu yenu, lakini nitamruhusu ashuke amlinde binti badala yako."

Kiro aliinua mkono kuonyesha kwamba yuko tayari. Dobri alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Mjukuu wa Marin alindwe na mtu wa milimani?" mmoja alidakia kutoka meza ya pili. "Thubutu! Marin atafufuka!"

Watu waliangua kicheko. Dobri, maskini, naye akacheka, akatia saini.

Kesho yake baridi ilikuwa ya kung'oa meno, na vipande vya barafu vilikuwa vikigongana ukingoni. Zornitsa alivaa kofia nyekundu ya sufu aliyofumiwa na mama yake. Kabla ya kuruka alimsogelea baba yake aliyekwisha ingia majini.

"Baba, naogopa kidogo. Uko nyuma yangu, sivyo?"

"Niko nyuma yako."

Msalaba ulitupwa. Vijana kumi na mmoja walijirusha, na aliyeibuka nao alikuwa Zornitsa! Aliuinua juu, hatua thelathini mbele ya baba yake, na kijiji kizima kikalipuka kwa shangwe. Wenzake na walinzi wao walikuwa wamegeukia ukingoni. Kisha mguu ukamkaza kwa baridi, na mkono ukashuka.

"Baba!"

Waliokuwa ukingoni walidhani anamwita kwa furaha. Dobri peke yake aliisikia ile sauti ilivyokuwa. Alipiga hatua moja, ya pili, na ya tatu chini hapakuwa na kitu. Mwili wake ulifanya jambo pekee ulilolijua. Ulilala chali. Akaelea, na mto ukamchukua kama gogo, macho yake yakitazama mbingu, huku mwanawe akimwita nyuma ya kichwa chake na yeye hawezi hata kugeuka.

Mashua ilikuwa moja. Kiro na mwenzake walimwona mlinzi anamfuata, wakadhani binti amefikiwa. Ghafla mtu akapiga ukelele, "Dobri anachukuliwa!" Wakampigia makasia Dobri. Walipomvuta ndani alikuwa akipiga mateke na kulia, "Niacheni mimi! Zori! Mfuateni Zori!" Waligeuza mashua. Waliikuta kofia nyekundu, na kando yake msalaba, unaelea wenyewe.

Zornitsa alipatikana mchana, kwenye mizizi ya mierebi.

Tangazo la kifo lenye picha yake lilibandikwa milangoni na kwenye nguzo hadi mjini, kama ilivyo desturi. Siku ya maziko nyumba ilijaa hadi uani. Wanawake walikuwa wakiomboleza, na wanaume mmoja mmoja walimshika Dobri bega. "Ulijitahidi, kaka. Hata wewe baridi ilikukaza misuli, sivyo?" Na Dobri, Mungu amrehemu, alitikisa kichwa kukubali. Hata mbele ya jeneza la mwanawe alikubali!

Ndipo akaingia Mwalimu Ilka. Alikuwa ameliona jina la Dobri kwenye tangazo lile la nguzoni. Alimpa mkono Gergana, akamgeukia Dobri na kumwekea kitu kiganjani. Ilikuwa miwani yake ya kuogelea.

"Pole sana, Dobri," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikungoja somo la nne."

"Somo gani?" aliuliza Gergana.

Mzee Kiro aliitazama ile miwani, kisha akamtazama jirani yake, na rangi ikamtoka usoni.

"Dobri," alisema taratibu, "mimi nilijifunza kwenye bwawa lile lile, nilipooa huku. Nilikuwa na miaka arobaini. Nani angekucheka?"

Hapo ndipo Dobri alipoanguka juu ya jeneza na kupiga yowe lililonyamazisha waombolezaji wote. "Sijui kuogelea! Sikujua tangu utotoni! Mwanangu aliniita, nami sijui kuogelea!" Alilirudia hadi sauti ikamkauka, na hata waliokuwa barabarani walisikia.

Gergana hakulia tena. Aliurekebisha ushungi kwenye nywele za binti yake, akasema bila kumtazama mumewe, "Ungeniambia mimi tu, Dobri. Mimi peke yangu."

Mficha maradhi, kilio humfichua.