Blanketi la Bi Tumwitike

"Mleta joto hafunikwi blanketi." Mmeisikia ikisemwa leo, mkacheka, kisha mkaniuliza ilikotoka. Basi methali hii ilianza hivi.

Hapa Makete aliishi mjane, Bi Tumwitike Tweve. Mwanawe Ezekia, fundi umeme, alimfungia mashine ya kupasha nyumba joto: sanduku moja ukutani sebuleni, jingine lenye feni nje. Juni moja Sekela, mke wa Ezekia, aliyekuwa akiishi hapo kwa mkwewe, alijifungua kabla ya siku zake. Muuguzi akaonya: mtoto asipigwe na baridi.

Asubuhi moja kulianguka sakitu, umande ukaganda, majani yakawa meupe. Bi Tumwitike alikuta sanduku la nje limeganda barafu, feni imesimama, na moshi mweupe unafuka. Akaduwaa. Inaungua au inaganda? Na moshi gani huu usio na harufu? Ghafla feni ikazunguka tena. Akaionea huruma mashine, akaleta blanketi lake zito, akaifunika gubigubi na kuifunga kamba.

Ndani baridi ikazidi. Akaongeza blanketi la pili. Baridi ikazidi tena! Akazima, akawasha, akazima, kichwa kikamzunguka. Mtoto akaacha kunyonya. Sekela akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akampigia mumewe simu.

Ezekia alifika mbio kutoka kazini. "Mama, nani kaifunika?"

"Mimi, mwanangu. Ilikuwa inaganda."

"Haina moto ndani, mama. Inavuta hewa ya nje, inatoa joto lililomo, inatuletea."

"Joto lipi, na nje kuna sakitu?"

"Hata kwenye baridi joto lipo, ila kidogo. Na ule ulikuwa mvuke tu, ilikuwa inajiyeyushia barafu."

Bi Tumwitike akachukua kisu. "Kumbe nimeiziba pua."

Akakata kamba, akayavua mablanketi yote mawili. Joto lilirudi taratibu, na adhuhuri mtoto akanyonya.

Jinsi joto linavyotoka kwenye sakitu, hakuelewa mpaka anaingia kaburini. Lakini mwaka uliofuata jirani yake alimkataza bintiye, tegemeo la nyumba nzima, asiende kufundisha mbali, eti atateseka na baridi ya ugenini. Bi Tumwitike akamshika mkono.

"Huruma yako naijua, mwenzangu. Yangu nusura imuue mjukuu wangu. Mwache aende. Mleta joto hafunikwi blanketi."