Vyungu Vilivyosikilizwa

Mama mmoja alikuwa na kiwanja cha kufinyanga vyungu, na kila mwaka alipokea wanagenzi ishirini, wake kwa waume, akawafundisha kazi yote tangu kuponda udongo hadi kuchoma. Aliitwa Bi Namkunda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliyemaliza kwake, na chungu chake kikatoka motoni kizima, aliitwa mfinyanzi katika milima yote ile, na hakuna aliyemwuliza tena alijifunzia wapi.

Kiwanjani pale palikuwa na sheria moja isiyochezewa. Vyungu vya wote vilichomwa pamoja, rundo moja chini ya kuni na nyasi kavu, na moto ulikuwa mmoja kwa mwaka. Chungu kilichoficha unyevu hupasuka motoni, na vigae vyake huvunja vilivyokaa karibu. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukisemea chungu chake mwenyewe. Ilibidi jirani yake akiinue, akibishe kwa kifundo cha kidole kama abishavyo mlango, atege sikio, kisha aseme kwa sauti alichosikia. Kikilia vizuri, kinapangwa. Kikinyamaza, kinarudi kivulini kukauka. Hata marafiki wa kufa na kuzikana hawakuoneana haya katika jambo hilo.

Mwaka mmoja alikuja binti aitwaye Nakijwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, akafa kabla hajamfundisha, na binti alikuja kuitafuta kazi ya mama yake. Mkuu wa wanagenzi mwaka ule alikuwa Mbonea, kijana mwenye mikono ya ajabu, na ndiye aliyepewa kuwaonyesha wengine namna ya kuponda udongo shimoni. Alianza na maneno. Nakijwa akiinama, Mbonea anasema neno juu ya umbo lake, na wenzake wanacheka. Baadaye ukaja mkono kiunoni, kwa kisingizio cha kumwelekeza. Mwishowe, siku walipokuwa wawili tu, akamwambia kwamba chungu chake hakitaingia motoni asipomfuata kwenye banda la nyasi. Hilo la mwisho hakuna aliyelisikia. Yale ya kwanza watu walikuwa wakiyaona kila siku.

"Utani tu," walisema. Na kweli ukoo wa Mbonea na ukoo wa Nakijwa ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukuita mwizi mbele za watu, na siku ya msiba kwenu atakuja kuigiza marehemu alivyotembea, mcheke huku mnalia. Lakini mtani ukimtupia neno hulirudisha, tena na nyongeza. Nakijwa hakurudisha neno hata siku moja. Watu kumi na wanane, waliojua kusikia unyevu ndani ya udongo, hawakukisikia kimya hicho.

Akahamia pembeni mwa kiwanja. Akaacha kwenda shimoni, akawa anaponda udongo wake kwao na kuubeba kichwani. Wengine wakasema ana maringo. Wengine wakasema kazi imemshinda.

Siku ya kuchoma, asubuhi, rundo lilikuwa karibu kukamilika, chungu kikubwa cha Mbonea kikiwa katikati, kizuri mno. Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya mlima na kila mtu aliharakisha, kwa maana masika ikishika hakuna moto tena mpaka kiangazi. Chungu cha Nakijwa kilikuwa cha mwisho. Jirani yake akakibisha, akasikiliza, akasema, "Kizima." Bi Namkunda, kijinga cha moto mkononi, akauliza swali aliloliuliza kila mwaka kabla ya kuwasha: je, kuna kitu hapa hakijasikilizwa? Swali lile halikuwa na mjibuji. Lilikuwa la desturi tu, kisha moto uliwashwa. Mwaka ule Nakijwa alisimama, udongo umemkauka mikononi, akasema:

"Vyungu vyote vimesikilizwa, Bibi. Mimi bado."

Ndugu zangu, nilikuwapo. Mpaka leo naikumbuka sauti ile.

Bi Namkunda alitazama mawingu. Akalitazama rundo, jasho la mwaka mzima la watu ishirini. Kisha akakizika kile kijinga mchangani mpaka kikazimika, na yule mama ambaye hatukuwahi kumwona akikaa mbele ya mwanagenzi akaketi chini vumbini, akanyoosha miguu, akamwambia Nakijwa aanzie anapotaka. Alimsikiliza hata kivuli cha rundo kikahamia upande wa pili. Hakumkatiza. Akamsikiliza na Mbonea, ambaye alitabasamu akasema ni utani. Ndipo akatugeukia sisi wengine, akatuuliza mmoja mmoja kama tuliwahi kumsikia binti huyu akimjibu. Tukasema hapana, mmoja mmoja, na kila hapana ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Sikujua mpaka siku ile kwamba mtu anaweza kuona haya na kustaajabu kwa pumzi moja. Moto wa watu ishirini ulikuwa umezimwa ili msichana mmoja amalize kusema.

Akalibomoa rundo kwa mikono yake, chungu kimoja kimoja, mpaka akakifikia cha Mbonea. Hakukivunja. Kilikuwa kizima kuliko vyote. Akampa mkononi, akamwonyesha njia. Mvua ikashuka alasiri ile ile, na vyungu vyetu vikakaa bandani miezi mitatu. Wapo walionung'unika kwamba mwaka wa watu wote umepotea kwa ajili ya mmoja.

Kiangazi tukachoma. Viwili vilipasuka, ndiyo kawaida ya moto. Cha Nakijwa kilitoka chekundu, ukikibisha kinalia kama kengele, na leo yeye ndiye mwenye kiwanja kile. Sheria ya pale imeongezwa jambo moja. Ukishakibisha chungu cha jirani na kusema ulichosikia, unamgeukia mwenyewe unamwuliza, "Na wewe?" Kisha unangoja. Hakuna anayewasha moto kabla wote hawajajibu.

Nanyi mmeingia chuoni wiki hii. Kazi zenu hapa zitasomwa na kusomwa tena. Insha itasahihishwa, mtihani utahakikiwa, na mtahini ataletwa kutoka mbali asikilize kama tasnifu yako inalia vizuri. Mtapewa kijitabu cha kanuni za mwenendo, mtaonyeshwa ofisi ya kupeleka malalamiko, na nawasihi mkisome kijitabu hicho na muujue mlango wa ofisi hiyo. Lakini kwetu sheria haikukosekana. Yule jirani aliyekibisha chungu cha Nakijwa akasema "Kizima" ni mimi. Nilikaa hatua mbili kutoka kwake mwaka mzima, na walipocheka nilicheka. Basi huyo aliyeketi kushoto kwako sasa hivi, ukimwuliza "Na wewe?", utaweza kungoja mpaka ajibu?