Kakakuona Aliyekosa Shemeji

"Mpo?"

"Tupo!"

"Nyote?"

"Hata waliosinzia!"

Basi hapo kale, kale ya kale yenyewe, katika nchi ya Wakaingang huko Brazili, kwenye baridi na misonobari mirefu, watu na wanyama walikaa kijiji kimoja. Nao walikuwa nusu mbili. Wakame walijichora mistari kwa makaa. Wakairu walijichora madoa.

Wa upande wako ni ndugu. Wa upande wa pili ni shemeji. Ndugu humwoi. Ndugu humziki. Jambo lolote la ndugu lenye shimo ndani yake, anayeligusa ni shemeji. Kwenye msiba wafiwa hukaa, hulia, hupikiwa. Mashemeji huchimba.

Akahamia Kakakuona. Si huyu wa kwetu. Yule wa kule, mwenye gamba kama sufuria iliyofunikwa. Siku hizo gamba lake lilikuwa laini, halina alama, na kijijini hakuna aliyemjua baba yake.

Akafa Mzee Nungunungu, Mkairu. Kakakuona akaona vijiti vya kuchimbia vinagawiwa. Akachukua kaa, akajichora madoa, akaketi na wafiwa. "Ndugu yangu, uuwi!" Akala mbegu za msonobari bakuli tatu.

Akafa Bi Kima, Mkame. Kakakuona akaoga mtoni, akajichora mistari. "Dada yangu, uuwi!" Bakuli nne.

Akafa Mzee Chui, Mkairu. Madoa tena. "Ndugu yangu, uuwi!" Bakuli sita, na asali.

Kasuku aliona. Kasuku alisema. Lakini nani humsikiliza Kasuku?

Akirudi kwake na tumbo lile, Kakakuona akatumbukia shimoni, pale msonobari mkubwa ulipong'oka. Mvua ikaanza. Maji yakaanza kujaa.

"Nitoeni!"

Wakame wakachungulia. "Pole, ndugu. Tulilia pamoja kwa Bi Kima. Ngoja mashemeji."

Wakairu wakachungulia. "Pole, ndugu. Tulilia pamoja mara mbili. Ngoja mashemeji."

"Mashemeji zangu ni akina nani?"

Wakame wakawaonyesha Wakairu. Wakairu wakawaonyesha Wakame. Wote wakaketi kuwangoja. Maji yakafika magotini.

"Mimi si maiti!"

"Hatujasema u maiti, ndugu. Tumesema uko shimoni."

"Si uchimbe utoke?" akauliza dada wa Nungunungu. "Kucha unazo."

Akachimba. Kucha zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, hazijawahi kuonja udongo. Zikapinda.

Maji yakafika kidevuni. Ndipo akaja Bi Kafej, mwanamke mzee mtunza makaa, akainama.

"Mjukuu wangu, bibi yako alikupa jina gani?"

Maana kule kila upande una majina yake, na upande wa pili hauyagusi. Ukitaja jina lako, umetaja watu wako. Kakakuona alilijua hilo. Akilitaja, kila bakuli aliyokula itaanikwa hadharani. Maji yakaingia tundu moja la pua. Akafikiri kidogo. Yakaingia la pili.

Akalitaja, kwa lugha ya bibi yake, kwa sauti ndogo.

"Mkame," akasema Bi Kafej.

Vichwa vikamgeukia Kasuku.

"Nilisema mimi," akasema Kasuku.

"Kumbe shemeji!" wakasema Wakairu, wakamvuta juu mara moja, kwa adabu zote. Dada wa Nungunungu akamkung'uta tope. "Karibu, shemeji. Kwa kaka yangu ulikula bakuli tatu, hukutupa hata konzi moja ya udongo. Haya, shika kijiti."

Bi Kafej akaleta kaa la moto, akamchora mistari tisa mgongoni. "Hii haiogwi ikatoka," akasema.

Tangu siku hiyo Kakakuona wa kule ana mistari, na anachimba. Anachimba asubuhi, anachimba jioni, hata pasipo msiba. Ukimwuliza, atakwambia anatanguliza kazi.

Nanyi mnaojifanya wafiwa kila kazi inapogawiwa, nawajua, sitaji mtu: usikimbie wajibu wako kwa jirani, maana atakayekutoa shimoni ni yuleyule uliyemkimbia.

Hadithi nimeifunika kama chungu. Atakayeifunua aongeze chumvi yake, mimi nakwenda kulala.