Kwa Nini, Bwana Mdogo?

Hapo zamani, katika mji wa Mtondooni, usiku wa manane, ulisikika mlio mmoja tu: chwaaa! Walinzi wakashika mikuki, majogoo wakawika kabla ya wakati, na Sultani Jaha akatoka chumbani mwake kilemba kikiwa kimemwangukia sikioni. Kumbe ni mwanawe, Badi, anapasua insha yake ya Kiingereza.

Basi kisa chenyewe ni hiki. Badi alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, na chuo cha huko hakikumpokea mtu ila aliyefaulu mtihani wa Kiingereza. Kusoma alifaulu, sarufi alifaulu. Lakini sehemu ya tatu ilikuwa insha ya kushawishi, na hapo alikuwa ameanguka tena na tena. Walimu walimkaririsha "kwanza" na "pili" na "zaidi ya hayo" na "kwa kumalizia", akayajua yote kwa Kiingereza kama ajuavyo Alhamdu. Lakini alipoambiwa amwandikie mwenye duka barua ya kumshawishi apunguze bei, aliandika hivi: "Kwanza, punguza bei. Pili, punguza bei. Zaidi ya hayo, nimekwisha kusema. Kwa kumalizia, fanya haraka."

Kulipokucha Sultani akakusanya baraza, akauliza, "Nani atamfunza mwanangu kushawishi?"

Walimu wakatazama vidole vya miguu yao. Waziri akakohoa. "Sultani wangu, yupo mtu mmoja mwenye ulimi wa kumuuzia samaki maji. Lakini ni yule."

"Yule nani?"

"Yule, bwana wangu. Fulani."

Uso wa Sultani ukakunjamana kama embe bovu. Maana siku ya Idi iliyopita, Sultani aliteleza kwenye tope mbele ya mji mzima, akaketi chini pwaa! Na maskini mmoja akacheka kwa sauti. Ndipo Sultani akaapa, "Jina la mtu huyu lisitamkwe mjini humu mpaka nilitamke mimi mwenyewe!" Ikawa tangu hapo anaitwa Fulani. Naye alikuwa amemchumbia Mwanasiti, msusi wa mikeka, posa imekubaliwa, mahari yamekwisha kutolewa, lakini kadhi akagoma kufunga ndoa. "Nitasema nimemwoza nani?" akauliza. "Fulani? Mafulani wamejaa dunia nzima! Nisije nikamwoza Mwanasiti kwa mtu wa Bara Hindi!"

Basi Fulani akaletwa, kanzu yake viraka juu ya viraka.

Sultani akamwambia, "Ewe mtu, mfunze mwanangu. Lakini usimpige, usimkaririshe, wala mtu yeyote asimwambie 'hapana', kwani hajaambiwa neno hilo tangu azaliwe. Akianguka, utahama mji huu."

"Na akifaulu, Sultani wangu?"

"Omba utakalo."

"Jina langu, bwana wangu. Kutoka kinywani mwako."

Sultani akang'ata ndevu, akasema, "Haya."

Fulani hakufungua kitabu. Alikwenda jikoni, akaenda kwa walinzi, akaenda zizini, na kila alikopita aliacha watu wanacheka.

Asubuhi ya pili Badi akaamka, akapiga makofi. "Lete chai!"

Mtumishi akainama kwa adabu. "Kwa nini, bwana mdogo?"

Badi akakodoa macho. "Kwa sababu nimesema!"

"Hiyo si sababu, bwana mdogo. Hiyo ni sauti."

Akakimbilia jikoni. "Mama Mpishi, nipe chapati!"

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nina njaa!"

"Na mimi nina njaa, na paka ana njaa. Kwa nini wewe kwanza?"

Badi akaenda zizini, atandikiwe farasi. Mchunga farasi akauliza kwa nini. Akaenda kwa kinyozi. Kinyozi akashika wembe hewani, akauliza kwa nini. Ikawa jumba zima ni kwa nini juu, kwa nini chini, kwa nini kwenye ngazi! Badi akafika mbele ya babake akilia. Sultani akanguruma, "Mwiteni yule mtu!"

"Kwa nini, Sultani wangu?" akasema mlinzi, kisha akaziba mdomo kwa viganja.

Fulani akaja mwenyewe. Sultani akamwambia, "Nilikataza neno 'hapana'!"

"Nani amelisema, bwana wangu? Aliyelisema aletwe, nami nipewe fimbo nimchape."

Ikatafutwa hapana jumba zima, haikupatikana.

Basi njaa ni mwalimu mkali. Jioni ile Badi akarudi jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. "Mama Mpishi," akasema polepole, "kwanza, chapati ikipoa huwa ngumu, nawe utasemwa. Pili, nikila hapa nitakusifu mbele ya baba. Najua wasema paka naye ana njaa. Lakini paka hali chapati, hula samaki." Mama Mpishi akacheka hadi mwiko ukamponyoka, akampa chapati mbili na mchuzi. Badi akala akirukaruka. Tangu hapo hakukamatika! Alimshawishi kinyozi, akamshawishi mchunga farasi, akawashawishi walinzi wamwimbie wakati wa kuoga.

Siku ya mtihani akaja mkaguzi kutoka ng'ambo. Badi akaandika hadi wino ukamfika kwenye viwiko. Mkaguzi akasoma pale pale, akavua miwani, akasema, "Huyu amefaulu. Nimeshawishika hata mimi, na sikuwa nikitaka."

Vigelegele vikapasua dari. Lakini Fulani aliposogea mbele, Sultani akanuna, akageuza shingo. "Jina hilo," akasema. "Nilitamke kwa nini?"

Mlangoni, Mwanasiti akaushika ukaya wake wa kichwani kwa meno. Ndipo Badi akasimama.

"Baba, kwanza, umeahidi, na neno la Sultani likioza, mji wote hunuka. Pili, utasema mtu huyu alikudharau. Lakini siku ile ya tope hakucheka peke yake. Waziri alicheka ndani ya mkono wa joho. Kadhi alicheka akasingizia chafya. Na mimi mwanao nilicheka nyuma ya pazia mpaka nikaumwa mbavu. Sote tulikucheka kisogoni, baba. Yeye peke yake ndiye aliyekucheka usoni. Umemwadhibu mtu mmoja mkweli, ukabaki na sisi."

Waziri akatazama dari. Kadhi akapiga chafya.

Midomo ya Sultani ikaanza kutetemeka. Bega likatikisika, tumbo likafuata, na kicheko kikamtoka, kikubwa, hata kilemba kikabingirika hadi miguuni pa mkaguzi. Akafuta machozi, akamnyoshea yule maskini mikono yote miwili.

"Kadhi, fungua kitabu chako," akasema, "uandike bwana harusi ni Mbwarahaji."