Mwanamvua, Zimwi la Mikwajuni

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hivyo ndivyo alivyosema mjomba wenu asubuhi, alipoamua kurudi kupanga kwa yule mwenye nyumba wake mkorofi, nanyi mkacheka mpaka chai ikawapalia. Haya, mmeshacheka, sasa nyamazeni. Mnadhani zimwi hilo ni lile la kwenye ngano, lenye jicho moja na mkia? Hata! Zimwi lenyewe lilikuwa mwanamke, mtoto wa watu, mwenye jina na ukoo wake. Na aliyeyatamka maneno hayo mara ya kwanza ni mwanamke mwenzake, aliyetoka mikononi mwake mzima. Sogeeni basi, na wewe ondoa mguu wako kwenye ungo wangu. Yalianza namna hii.

Zamani, kabla reli haijafikiriwa, palikuwa na njia moja ya miguu iliyotoka milimani kushuka Kwemkole. Katikati ya njia hiyo palikuwa na pori la mikwaju, na ndani ya pori hilo alikaa Mwanamvua binti Shomvi. Wanaume wa siku hizo walikuwa hodari sana wa kujisifu, lakini ukiwaambia twende tukapite mikwajuni, kila mmoja alikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

Mwanamvua alikuwa mke wa nne wa jumbe. Siku moja jumbe akaamka akakuta bunduki zake tatu hazipo, mke hayupo, na vijana wake watano wa ulinzi wamefuatana na huyo mke. Ilikuwa aibu kubwa, akaona aifunike. Akatangaza kwamba mkewe amefariki ghafla huko kwao, akaweka matanga, watu wakalia kwa adabu, wakala wali wa watu. Siku ya tatu ya matanga wakaingia wachuuzi wawili mbio, uchi wa mnyama, wakasema wamevuliwa nguo na marehemu. Jumbe wa watu hakutoka nje mwezi mzima.

Tangu hapo haukupita mzigo mikwajuni ukafika wote. Mchuuzi mmoja wa tumbaku aliyebishana na Mwanamvua alirudi na sikio moja. Hilo ni la kweli, watu walimwona nalo, au tuseme walimwona bila lile jingine. Mengine waliyaongeza wasemaji: kwamba ameua waume saba, kwamba halali usingizi, kwamba anakula nyama mbichi. Jina lake likasahauliwa, akaitwa Zimwi. Watoto wakilia usiku mama zao walisema, "Nyamaza, Zimwi linasikia," na watoto walinyamaza.

Sasa, hapo Kwemkole palikuwa na mjane mmoja, Sikudhani. Mvua zilikuwa zimekatika misimu miwili. Msimu wa kwanza watu walikula akiba. Msimu wa pili wakala mbegu, na mtu akila mbegu yake, wanangu, ameshakula na mwaka kesho. Sikudhani alikuwa na watoto wanne. Njaa ile ikamchukua wa mwisho, wakabaki watatu. Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, hakuwa na punje hata moja ya kutia ardhini. Akajua, mvua hii ikimpita bila kupanda, atazika tena.

Basi akafunga safari kwenda milimani kwa kaka yake, yeye na wifi yake Mashavu, dada wa marehemu mumewe. Mashavu alikuwa mwanamke mwema, ila kinywa chake hakikujua kupumzika. Kaka mtu alikuwa na moyo. Kila mmoja akampa kikapu cha makopa ya muhogo na kunde za kula, na kifurushi cha mbegu ya mtama. Wakashukuru, wakashuka.

Siku ya pili walifika njia panda. Mkono wa kulia, mikwajuni. Mkono wa kushoto, njia ya kuzunguka hadi kivukoni.

"Tupite kivukoni," alisema Mashavu. "Nimesikia wamewekwa walinzi wapya, wana kofia nyekundu. Wanawavusha watu salama."

"Wewe unawajua walinzi hao?"

"Nitawajulia wapi? Lakini Zimwi namjua!"

"Hata mimi namjua," alisema Sikudhani. "Tulichezwa unyago pamoja."

Mashavu akamkodolea macho. Lakini ilikuwa kweli. Wawili hao waliwekwa ndani msimu mmoja, nyumba moja, chini ya somo mmoja, mwalimu wao wa unyago, mkali kama siki. Mwari alikatazwa nyama, naye Mwanamvua, tangu hapo mkono wake mwepesi, aliiba paja la kuku wa somo, wakala wote wawili gizani. Kulipokucha somo akauliza nani ameingia jikoni kwake. Sikudhani kwa haraka ya kujitetea akasema, "Sisi hilo paja hatujaliona." Somo akamtazama. "Nani hapa ametaja paja?" Alipigwa fimbo kumi ataje mwizi, na asimtaje. Kusema uongo hakujua, lakini kunyamaza alijua.

"Shauri yako," alisema Mashavu. "Zimwi halina shoga. Miaka ishirini imepita! Atakutoa roho huku anakuita somo yangu." Akajitwisha kikapu chake, akashika njia ya kushoto, analalamika peke yake mpaka akapotea machoni.

Sikudhani alibaki pale akiwa na woga wa kutosha watu wawili. Hakuwa na hakika ya lolote. Akawaza: kikapu hiki sina la kukifanya, kiko kichwani na kila mtu atakiona. Lakini mbegu? Akakifunga kile kifurushi cha mtama katika kanga yake kuukuu, akakitengenezea kichwa kwa kitambaa, akakibeba mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga. Akasoma alichojua kusoma, akaingia mikwajuni.

Hakufika mbali. Wanaume watano walitoka kwenye miti, wawili wana bunduki, wakamwamuru atue. Akatua. Kisha akatoka mwanamke mfupi, kanga yake imepauka, panga kiunoni, anamung'unya ukwaju. Sikudhani alitegemea jitu. Akakiona kidevu kile kile na mwanya ule ule wa meno ya mbele. Mwanamvua hakuonyesha dalili yoyote ya kumjua. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mgongoni una nini?"

"Mtoto."

"Mbona halii?"

"Amelala."

"Mfunue nimwone."

Maneno yakamtoka Sikudhani yenyewe. "Hafunuliwi, dada. Hajatoka arobaini. Ana siku ishirini tu, macho ya watu yatamdhuru."

Wale wanaume wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Majambazi ni majambazi, lakini nao walizaliwa na mama, na hakuna anayetaka kuambiwa alimtia kijicho mtoto mchanga. Sikudhani akashusha pumzi. Alidhani amepona.

Mwanamvua hakurudi nyuma. Alimzunguka polepole, akimtazama tangu kichwani hadi kwenye nyayo zilizojaa vumbi.

"Siku ishirini," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe mzazi wa siku ishirini uko njiani, kikapu kichwani, unatoka milimani kwa miguu. Mkunga wako ni nani huyo aliyekupa ruhusa? Mama yako amekufa? Wifi zako wamekufa? Amekosekana hata jirani wa kukukanda maji ya moto na kukupikia uji wa pilipili manga?"

Lo! Sikudhani akauona uongo wake ulivyo mtupu. Arobaini si ya mtoto peke yake. Mama na mwana wanawekwa ndani pamoja, wanatoka pamoja. Kila mwanamke analijua hilo kama anavyolijua jina lake. Wanaume wale hawakuwaza, lakini mwanamke ungemdanganyaje? Mtama wangu, aliwaza, wanangu. Machozi yakaanza kumtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Mwanamvua akasogea, akamwinamia sikioni kama anayenusa mtoto. "Sikudhani," alinong'ona, "ulikuwa hujui kusema uongo ukiwa mwari, na mpaka leo mama mzima hujajifunza. Jana ni paja, leo ni arobaini. Nani kakutuma utaje arobaini?"

Sikudhani akaangua kilio cha chini chini. "Nina watoto watatu, Mwanamvua. Walikuwa wanne. Mwaka jana tulikula mbegu."

Mwanamvua alikiweka kiganja chake juu ya ile mbeleko, akabonyeza kidogo, na chini ya kiganja punje za mtama zikasogea. Akauacha mkono wake pale. Ukwaju mdomoni aliacha kuumung'unya.

"Mama, tumfunue!" alisema mmoja wa wale wenye bunduki, ambaye uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Huyu anatuchezea. Mtoto gani huyo?"

Mwanamvua akageuka, na sauti yake sasa ilijaza pori zima. "Wewe ulizaa lini? Mtoto hajatoka arobaini! Hafunuliwi! Atakayemgusa nitamkata mkono kwa panga hili, na mnajua sikosei. Chukueni kikapu."

Wakachukua kikapu, makopa na kunde zote. Sikudhani, Mungu amsamehe, alipoona mbegu imepona akapata na tamaa. "Na chakula, somo yangu?" alinong'ona. "Hicho ndicho tungekula mpaka mtama ukomae."

"Weee! Nikikuachia vyote, kesho hawa watanila mimi. Utakula mchicha wa porini, hujafa." Mwanamvua alimsukuma bega, si kwa nguvu. "Nenda kabla sijabadili nia. Na huyo mtoto mtikise-tikise unapotembea. Umembeba kama gunia."

Sikudhani akaondoka anamtikisa mtoto wake wa mtama. Akatembea, akatembea, asigeuke nyuma, mpaka mikwaju ikaisha na mashamba ya Kwemkole yakaonekana kule chini. Hapo akakaa chini katikati ya njia, akakishusha kile kifurushi akakipakata, akalia na kucheka kwa pamoja, mpaka mbwa wa watu wakaja kumtazama. Aliogopa tangu njia panda, na kusema kweli aliogopa tangu ule mwaka alipomzika mwanawe. Woga wote huo ukamwondoka mwilini. Alipofika nyumbani aliwakumbatia watoto wake mpaka wakalalamika kuwa anawabana. Hakuwa na chakula cha kuwapa, akawachumia majani, na wakati anayachambua alikuwa akiimba.

Mashavu alifika jioni yake. Amejifunga gunia. Kikapu hana, kifurushi hana, hata kanga aliyoondoka nayo hana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na maneno. Sikudhani akamwogesha, akampa nguo, na mpaka kesho yake ndipo alipoweza kueleza. Wale wa kofia nyekundu ndio waliomvusha mto, na walipomfikisha ng'ambo wakamvua kila kitu.

"Niliwalilia, wifi. Nikawaambia mimi mama wa watoto, niachieni japo mbegu. Mmoja akaniambia, hata ng'ombe ana watoto. Hawakunitazama hata usoni. Wamenimaliza! Wanangu nitawapandia nini?"

Sikudhani hakumwambia "nilikuonya." Angeweza, na mimi ningemwambia, lakini yeye hakumwambia. Aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha kanga kuukuu, akakifungua mbele yake. Mtama ukamwagika kwenye ungo, mwekundu, mkavu, wote. Akachota nusu akammiminia Mashavu.

Mvua ikanyesha siku ya nne. Ilinyesha usiku kucha bila upepo, na asubuhi ardhi ya Kwemkole ilikuwa nyeusi na laini, inanukia. Mawifi hao wawili waliingia shambani pamoja na watoto wao wote, mmoja anachimba, mwingine anadondosha punje na kufukia kwa mguu. Matumbo yao hayakuwa na kitu isipokuwa majani, lakini siku hiyo hakuna aliyekumbuka njaa. Ilipofika saa nne Mashavu alikuwa ameshapata maneno yake yote, na jingine moja lililokuwa likimkereketa tangu juzi.

"Hebu niambie kweli, wifi. Ulipita mikwajuni, Zimwi ukakutana nalo uso kwa uso, na hukuliwa?"

Sikudhani akainuka, akajinyoosha mgongo, akatazama mistari ya shamba iliyokwisha kupandwa na watoto watatu waliokuwa wakigombania jembe kule mwisho.

"Nililiwa, wifi yangu," alisema. "Kikapu kizima kililiwa, na kama singelia, lingekula zaidi. Lakini wewe ulikutana na wasiokujua." Akadondosha punje nyingine, akaifukia vizuri. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."