Kwa Nini Ukungu Hushuka Hadi Mlangoni

Kuna wakati ukungu ulikuwa haujajua njia ya kushuka. Ulikaa juu kabisa kwenye kilele cha mlima Kighera, mweupe na mtulivu, na watu wa chini waliamka kila asubuhi wakakuta kila kitu kimekaa wazi mahali pake: migomba, mapaa ya nyasi, na mfereji unaong'aa katikati ya mashamba. Waliuona kwa mbali ila hawakupenda kuutazama sana, maana kila mmoja alijua umetokana na nini.

Siku hizo aliyekosa hakupigwa wala hakufungwa. Alinyang'anywa jina. Watu walikusanyika kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambamo maji ya mlimani yalijaa usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu, shamba baada ya shamba. Kila mtu aliteka maji kwa kiganja, akasukutua, akayatema mferejini. Ukishatema, jina la yule mtu limekutoka kinywani na kichwani pia, hulipati tena hata ukikuna kisogo mpaka jioni. Na mtu asiyeitwa na yeyote huanza kuwa mwepesi. Kwanza hupoteza kivuli, kisha nyayo zake haziachi alama kwenye tope, kisha upepo wa mchana humwinua taratibu na kumpeleka juu kwa wenzake, kwenye ukungu. Hakuna damu wala kelele. Watu wa Kighera walijisifu kwamba adhabu yao ni ya upole, na mtu anayejisifu kwa upole wake, wewe mwangalie vizuri.

Huko aliishi Mbazi, mchapakazi mwenye macho mepesi ya kuona kosa la mwenzake. Sababu alikuwa nayo. Alilelewa na bibi yake, na alipokuwa mdogo aliuliza mama yake yuko wapi. Bibi alifungua mdomo, akalitafuta jina hewani, akaufunga. Mbazi hakuuliza tena. Alikua akiamini kwamba kosa huambukiza, na kwamba njia ya kubaki salama ni kuwa wa kwanza kulinyooshea kidole.

Shamba lake lilikuwa karibu na mwisho wa mfereji. La mwisho kabisa, chini yake, lilikuwa la Nankondo, mjane wa rafiki yake, mwenye mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa. Mvua ilipowahi kuzima jiko la Mbazi, ni huyu Nankondo aliyemletea kaa la moto kwenye kigae, amelifunika kwa mkono wake mwenyewe.

Ukaja mwaka ambao kiangazi kilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mbazi alipanda kwenye ndiva alfajiri kungoja zamu, akamkuta Nankondo ameshachomoa gogo la kuzibia. Maji yalikuwa yanamwagika ovyo, na kipande cha ukuta kimeporomoka nayo.

"Shemeji, leo si zamu yako," Mbazi alisema.

"Najua, shemeji. Zamu yangu ikija, maji hayaji."

"Yakifunguliwa yanafika kwa kila mtu."

"Kwangu hayafiki. Twende ukaone."

Mbazi hakwenda kuona. Alikwenda kusema.

Watu wakakusanyika. Mzee Sengondo, mtunza ndiva, aliuliza swali lile lile walilouliza wote waliomtangulia.

"Ulifungua, au hukufungua?"

"Nilifungua, baba."

Basi, ikawa imetosha. Mbazi alikuwa wa kwanza kusukutua, na wengine wakamfuata, wengine wakitazama pembeni. Nankondo alisimama akiwaangalia wanavyotema, na kila aliyetema alimpita kama anayepita mti.

Kesho yake Mbazi alipita karibu na nyumba ya mjane. Yule mama alikuwa ameinama juu ya mwanawe anataka kumbeba, na mikono yake ilipita kwa mtoto kama moshi. Upepo ukaja, akainuka nao juu ya migomba, uso wake umegeukia chini muda wote. Mtoto akaanza kulia. Mama mkwe wa yule mjane akatoka mbio, akamkumbatia, akafungua mdomo ambembeleze kwa jina la mama yake. Akalitafuta jina hewani. Akaufunga mdomo.

Mbazi aliujua mdomo ule. Aliukumbuka tangu utoto wake, na moyo ulimuuma kiasi kwamba alikaa chini njiani kama mgonjwa. Alilitafuta jina kichwani mwake, akakuta mahali pake peupe. Aliyelitema ni yeye, tena kwa haraka kuliko wote.

Hapo ndipo alipokwenda kuona. Mfereji wa shamba la mwisho ulikuwa mkavu, udongo umepasuka, maharage yamekufa yangali yamesimama. Akaufuata mfereji kwa kupanda, akitafuta mahali maji yalipokatikia, na hakwenda mbali. Yalikatikia kwake. Alikuwa amepanda magimbi ukingoni, kwa kuwa magimbi hupenda miguu majini, kisha akayaacha yaingie mferejini kidogo kidogo kwa kuwa yalinenepa na watu waliyasifu. Majani yalikuwa mapana kama masikio ya tembo. Chini yake mizizi ilikuwa imefuma ukuta, na maji yote yalikuwa yanageuka na kuingia shambani mwake.

Aliingia mferejini akayang'oa. Alilia huku anang'oa, na hakujali nani anamwona. Shina la mwisho lilipotoka, maji yaliyokuwa yamezuiwa nyuma yake yakapita na kushuka, na pamoja nayo likapita lile jina watu walilolitema mferejini, lililokuwa limenasa hapo mizizini. Maji yalikuwa yanalisema, kwa sauti ya chini, jiwe hadi jiwe: Nankondo, Nankondo.

Mbazi akapanda mlima bila kuosha tope. Juu kulikuwa kweupe, asione hata mikono yake, na weupe ule ulikuwa unapumua.

"Nankondo!" aliita. "Shemeji, mimi ndiye niliyekukatia maji. Rudi nyumbani, mtoto analia."

Kitu kikapata uzito karibu naye. Akasikia kokoto zikilalamika chini ya nyayo, kisha mkono wa mtu, wa baridi, umeshika wake. Wakashuka. Nyuma yao ukungu wote ukashuka pia, kwa kuwa wote waliokuwa mle walisikia mtu anaitwa, na waliokaa huko muda mrefu hawakutaka kubaki nyuma. Walifika mpaka kwenye milango, wakasimama. Hakuna aliyeyajua majina yao. Jua lilipopanda wakarudi juu polepole.

Nankondo alimnyonyesha mwanawe kwanza. Kisha akaitwa ndivani, maana ukuta ulikuwa umebomoka na mashamba ya watu yamekauka. Safari hii mzee Sengondo, akiisha kulisikia jina kwa Mbazi, alimwita kwa jina lake lote, na la baba yake, akamuuliza, "Maji yalikukatikia wapi?" Mbazi ndiye aliyejibu. Wakahukumiwa wote wawili kuujenga ukuta, na wakabeba mawe mpaka viganja vikachubuka.

Lakini Mbazi hakupata usingizi wa asubuhi tena. Kila kulipokucha kipande kimoja cha ukungu kilisimama mlangoni pake, karibu kuliko vingine, na kilichelewa kuondoka. Alikiita kwa kila jina la mwanamke alilowahi kulisikia. Hakikusogea. Miaka ikapita, akawa baba, na mabinti zake akawapa majina ambayo hakuna aliyejua ameyatoa wapi. Alipopata wa mwisho alimwinua mlangoni alfajiri, akatamka jina lililomjia tu, Nambua. Kile kipande cha ukungu kikavuka kizingiti. Walipotazama chini waliona nyayo mbichi za miguu ya mtu, zimetoka mlangoni zikaishia kando ya jiko, mahali mama wa nyumba hukaa.

Na tangu Nankondo aitwe kule juu, ukungu hushuka Kighera kila asubuhi hadi milangoni, ukangoja, ukarudi jua likipanda. Na tangu siku ya Nambua, mtoto akipewa jina kule, hakuna anayethubutu kufunga mlango.